Pikipiki umeichonga ikapendeza, umeme ndo unakutesa: anza kutafuta hapa

Wakuu, mbukwenyi. Siku hizi hapa Dodoma mtu akinunua pikipiki haipiti miezi miwili kashaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, fremu inakatwa nyuma, kinawekwa kiti kifupi, usukani mwingine, taa ya duara, indiketa zile ndogo za LED, spoti mbili mbele, chaji ya simu, na redio juu kama anabeba abiria. Inatoka imependeza kweli sikatai. Wiki ya pili ndo unamwona anakuja anaisukuma, jua la saa nane, jasho linamtoka, anakwambia "fundi jana iliwaka vizuri tu".

Mi kazi yangu ni waya, fremu na rangi sishiki, na kitu nilichojifunza ni kwamba pikipiki iliyotoka kuchongwa ugonjwa wake mara nyingi haupo kwenye CDI (kile kiboksi kinachoongoza moto wa plagi) wala kwenye reketifaya (ile inayogeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri), upo pale mkono wa mtu ulipopita mara ya mwisho. Sehemu ya kuungia, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), waya uliobanwa na bolti. Ila watu wanaanzia dukani, ananunua CDI haijapona, ananunua koili haijapona, mwisho anauziwa wayaringi nzima na tatizo linahamia nalo kwenye wayaringi mpya kwa sababu ile bolti iliyobana waya bado ipo palepale. Kwa hiyo kabla hujatoa hela pima. Maltimita ile ya njano ya bei ya chini inatosha kabisa, halafu tengeneza taa ya kupimia mwenyewe, globu ya breki ya wati 21 na soketi yake na waya mbili za nusu mita, basi.

Kitu kingine kabla ya yote, rangi za waya. Kuna kijana alitoa swichi za usukani kwenye Yamaha akaja kuzifunga kwenye pikipiki ya Kichina, akaunga rangi kwa rangi, nyeusi kwa nyeusi, akajua kamaliza. Ilitoa moshi kabla hajashuka. Kwenye Yamaha nyeusi ni ethi, lakini Honda na Wachina wengi waliofata mfumo wa Honda, ethi ni kijani na nyeusi ndo chanya inayotoka kwenye swichi ya funguo, sasa hapo umechukua chanya umeipeleka kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, mwenyewe kwa mkono wako. Bajaj nao ethi yao ni nyeusi yenye mstari wa njano. Hata indiketa, Honda machungwa ni kushoto na bluu ya mwanga ni kulia, Yamaha ni kahawia kushoto na kijani kulia. Usiamini rangi hasa kama pikipiki ilishapita kwa mafundi wawili watatu, weka maltimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya), ncha moja kwenye ethi ya betri, tafuta mwenyewe ipi ni ipi.

Ukiweka fyuzi inakata hapohapo

Hii ndo inaongoza. Na hapa watu wanafanya dhambi moja, wanachukua ile foili ya pakti ya sigara wanazungushia fyuzi iliyokatika, pikipiki inawaka, mtu anaenda zake Ihumwa anashangilia. Fyuzi kazi yake ni kukatika yeye ili waya usiungue. Niliwahi kufungua kiti cha pikipiki ya hivo, waya mwekundu kuanzia kwenye betri mpaka kwenye swichi ya funguo plastiki yake yote ilikuwa imeyeyuka ikashikana na waya zingine nne, ukiinama harufu yake kama mfuko wa rambo uliochomwa. Pale hakuna kutafuta shoti (chanya kugusa bodi) tena, pale ni kujenga upya.

Njia rahisi ya kutafuta bila kumaliza fyuzi za watu ni hii. Toa fyuzi, mahali pake unga ile globu ya wati 21. Sasa hata kama kuna shoti umeme utakaopita hauwezi kuzidi ampia 1.75 kwa sababu lazima upite kwenye globu, waya hauungui. Zima kila kitu, washa funguo. Globu ikiwaka kali kabisa, shoti ipo. Iache inawaka, anza kuchomoa soketi moja moja, ya taa ya nyuma, ya usukani, ya mita, na huku unatikisa waya. Ukichomoa soketi globu ikafifia au ikazima, shoti ipo upande ule ule uliochomoa. Hapo unafata waya kwa vidole mpaka unaukuta. Mara nyingi utaukuta kwenye shingo ya fremu pale waya zinapojikunja ukigeuza usukani, au chini ya kiti pale bolti ya kiti kipya imetokeza ndefu kuliko ya zamani, au kwenye tundu la madigadi lililotobolewa kwa drili halafu hamna mpira, bati linakata waya taratibu kila ukipita tuta.

Angalia pia inakata saa ngapi, hiyo inakupunguzia nusu ya kazi. Inakata hata funguo haijawashwa? Basi shoti ipo kati ya betri na swichi ya funguo, au reketifaya imekufa kwa ndani kwa sababu kuna mtu alifunga betri kinyume hata sekunde moja. Inakata ukikanyaga breki tu, fata waya wa taa ya breki na wala usiguse mbele. Inakata ukigeuza usukani kushoto, ni shingoni. Kuna moja ya jamaa wa Nkuhungu ilikuwa inakata akipakia mtu tu, akiwa peke yake anaenda mpaka Bahi anarudi, fundi wa kwanza akasema ni mzigo mkubwa! Kumbe kiti kikilemewa kinashuka kinakandamiza waya wa taa ya nyuma kwenye kichwa cha nati. Nilimkalisha mtoto wa jirani juu ya kiti, globu ikawaka, akashuka, ikazima.

Sasa kama fyuzi haikati hapohapo ila inakata baada ya dakika kumi ukiwa umewasha kila kitu, hiyo sio shoti, umeuzidishia mzigo. Piga hesabu, wati gawa kwa 12. Spoti mbili za wati 20 ni ampia 3.3, taa kubwa ya wati 35 ni 2.9, chaji ya simu inakula kama moja hivi, honi ya gari ukiipachika hiyo peke yake inavuta kuliko vyote. Yote umeyaunga kwenye waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye swichi ya funguo. Dawa yake sio kuweka fyuzi ya 30. Dawa ni kuvuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, mwanzoni kabisa karibu na betri weka fyuzi yake, halafu relei (swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe mkubwa). Relei ya kawaida ya miguu minne ina namba, 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 inachukua chanya kutoka kwenye swichi, 85 inaenda ethi. Hivo swichi yako inabeba umeme kidogo tu wa kuamsha relei, haiyeyuki.

Ukikanyaga breki indiketa zinawaka kwa mbali, honi inakoroma, kila kitu kimelegea

Ethi. Usinunue chochote, ni ethi.

Na kwa pikipiki zilizochongwa hii ni karibu kila siku kwa sababu ya rangi. Fremu imesuguliwa, imepigwa prima, imepigwa rangi mikono mitatu, inang'aa, halafu ile nati ya ethi imefungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme jamani. Umeme unatafuta njia ya kurudi kwenye betri haupati, unazungukia kwenye globu zingine ndo maana unaona breki inawasha indiketa. Kupima ni hivi, maltimita weka volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe sio kwenye klipu, ncha nyingine kwenye chuma cha ile taa inayosumbua, washa taa, bonyeza honi. Ukipata 0.1 au 0.2 sawa hamna shida. Ukipata volti nzima au mbili basi hizo ndo zinazopotea njiani.

Kwangua rangi pale kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga, halafu paka grisi juu maana hapa vumbi tu linatosha na mvua zikija Desemba kutu inaingia. Mi napenda zaidi kuvuta waya wa ethi kabisa, mmoja kutoka betri kwenda injini, mmoja kwenda fremu, na mmoja kwenda mbele kwenye taa, siutegemei usukani kurudisha umeme kupitia bolingi zenye grisi. Ni waya wa mita moja na nusu tu.

Kwa wale mnaoweka globu ya nyuma ya 21/5 (wati 21 za breki, wati 5 za taa ya nyuma), ikiwaka kali muda wote na ukikanyaga breki mwanga hauongezeki wa kuonekana, waya mbili umezigeuza, badilisha nafasi umemaliza.

Indiketa za LED, zinakimbia au zinawaka zote nne

Zikikimbia tikitikitiki haraka haraka ni kwamba flasha (kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa) ya zamani imezoea globu mbili za wati 10, LED zinakula wati moja au mbili, yenyewe inadhani globu imeungua inakushtua. Nunua flasha ya LED, basi. Wengine wanaunga rezista sambamba na kila indiketa, inafanya kazi ila rezista inachemka vibaya, usiifunge karibu na plastiki, na kiukweli unakuwa umerudisha mzigo uleule uliokuwa unaukimbia.

Zikiwaka zote nne ukiweka upande mmoja, hiyo watu wengi wanarudi dukani kugombana kwamba flasha mbovu. Flasha nzima. Angalia kwenye mita yako, kama kuna taa moja tu ya indiketa ya pande zote mbili, ile taa imeungwa katikati, mguu mmoja kushoto mguu mwingine kulia. Ukiweka kushoto umeme unapita kwenye hiyo taa ya mita unatokea kulia na kurudi kupitia globu za kulia, zamani ulikuwa mdogo sana hauwezi kuwasha globu za wati 10, lakini LED hata huo kidogo zinauonea hamu. Dawa yake ni dayodi mbili (zinapitisha umeme upande mmoja tu), 1N4007, za bei ya karanga kwa mafundi redio. Waya wa kushoto unaingia dayodi ya kwanza, wa kulia unaingia ya pili, upande wenye mstari mweupe wa zote mbili unaunganisha pamoja unaenda kwenye mguu mmoja wa taa ya mita, mguu wa pili unaupeleka ethi. Kama ile taa ya mita nayo ni LED, angalia mguu wa chanya ndo unapokea dayodi.

Taa kubwa ya LED inachezacheza ikiwa sailensa (injini inawaka bila kuvuta mafuta)

Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haitumii betri, inatoka moja kwa moja kwenye koili za magneto (sehemu ya injini inayozalisha umeme), ndo maana ya zamani ilikuwa inafifia ukisimama na kung'aa ukivuta mafuta. Ule umeme ni AC, unaogeuka mwelekeo kila mara. Globu ya kawaida haijali, LED inajali, inapepesa mpaka macho yanauma na wiki mbili imekufa. Ihamishie kwenye betri kwa ile relei niliyoisema. Ila kabla hujafanya hivo soma kipengele kinachofata maana unaweza kuponya taa ukaua betri.

Asubuhi betri imelala

Kuna betri inayolala kwa sababu haichajiwi na kuna inayolala kwa sababu kuna kitu kinainyonya usiku, hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti.

Anza na chaji. Betri ikiwa imepumzika inatakiwa iwe kama 12.6 mpaka 12.8. Washa injini, piga resi ya kati, pima tena palepale kwenye nguzo za betri. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5 inachaji. Ukiona imebaki 12 na kitu haichaji. Ukiona imepita 15 reketifaya imeshindwa kuzuia, itakuchemshia betri na kukuchomea taa zote mpya ulizonunua.

Isipochaji usikimbilie reketifaya bado. Chomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye magneto. Kama ni zile waya tatu, mara nyingi njano zote, pima omu mbili mbili, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu, zinatakiwa zilingane na ziwe ndogo sana, kwa kawaida chini ya omu moja au moja na kidogo. Halafu pima kila moja na bodi, isisome kabisa. Ikisoma koili imeshika bodi. Injini ikiwaka pima volti za AC mbili mbili hivohivo, ziwe zinapanda pamoja ukivuta mafuta. Zikiwa sawa zote magneto nzima, na hapo sasa ndo una haki ya kuishuku reketifaya. Angalizo, kwenye pikipiki ndogo nyingi koili mguu wake mmoja umefungwa ethi tangu kiwandani, hiyo kusoma na bodi ni kawaida usije ukaitupa.

Na reketifaya nyingi zinazokufa kwenye hizi pikipiki za kuchonga zimeuawa na urembo. Mtu hataki ionekane, anaificha ndani ya kiboksi cha bati chini ya kiti pamoja na betri na CDI, hamna upepo hata kidogo. Yale mapezi yake sio mapambo, yanatoa joto. Oktoba ya hapa kwetu, bati limepigwa jua, ndani mle unapika chapati. Itoe, ifunge mahali inapopata upepo, na iguse chuma kisafi maana nyingine ethi yake ni bodi yake yenyewe. Na anayechomelea fremu aambiwe achomoe betri na CDI kwanza, umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita humo hauombi ruhusa.

Sasa hiyo ya kunyonywa usiku. Zima funguo, toa klipu ya hasi ya betri, weka maltimita kwenye ampia, ncha moja kwenye klipu nyingine kwenye nguzo ya hasi, na usiguse stata wala funguo ikiwa hivo utaua fyuzi ya maltimita. Unatakiwa uone sifuri au miliampia chache. Ukiona miliampia 50 piga hesabu, ampia 0.05 mara masaa 24 ni ampia-saa 1.2 kwa siku, betri ya ampia-saa 5 siku nne imekwisha. Mwenye hatia mara nyingi ni chaji ya simu yenye kitaa cha bluu kinachowaka muda wote au redio iliyoungwa moja kwa moja betri, hizo zihamishie nyuma ya swichi ya funguo. Ila kama pikipiki ni ya mkataba na ina GPS ya bosi, hiyo nayo inakula kidogo, usiikate, utapigiwa simu kabla hujafika pale Nane Nane.

Inazima ukigeuza usukani, au haizimiki kabisa

Haya ni magonjwa mawili ya waya mmoja. Kwenye CDI nyingi za Kichina za aina ya AC kuna waya mweusi wenye mstari mweupe, ule kazi yake ni kuzima. Ukigusa ethi plagi haitoi moto. Swichi ya funguo ikiwa imezimwa inaugusisha ethi. Sasa ukibadilisha swichi ukausahau waya huo unaning'inia, injini haizimi mpaka uikabe na gia. Ukichubuka shingoni ukagusa fremu kila ukikata kona, inakata moto katikati ya barabara, na mtu anabadilisha kabureta. Kupima, chomoa huo waya kwenye CDI halafu tembea nao hivohivo mzunguko mmoja, ikiacha kukata umempata mchawi. Kuzima utazimia na klachi.

Stata inasema tik tu

Pima betri huku unabonyeza. Ikishuka chini ya 9 na kitu betri au klipu zake. Ikibaki 12 fata waya mnene na ethi ya injini. Ikiwa hata tik haisemi na umebadilisha mikono ya klachi, kuna kaswichi kadogo ulikatupa pale, kaunge.

Mwisho, uungaji wenyewe. Acheni kutumia waya wa nyumba ule wenye uzi mmoja mgumu, mtikisiko unaukata ndani huku plastiki ipo nzima, utatafuta siku tatu. Tumia waya wa nyuzi nyingi, lehemu, halafu vile vimpira vya kusinyaa kwa moto, na sehemu za kuunga zipishane zisikae zote sehemu moja zikawa bonge. Tepu nyeusi peke yake kwa joto la hapa gundi inayeyuka, inateleza, vumbi linashika, ukirudi Machi unakuta shaba iko wazi. Yule jamaa wa Nkuhungu nilimfanyia hivo waya zote za nyuma na nikamkatia ile bolti, sasa hivi tatizo lake ni redio inavuma ukivuta mafuta, nimemwambia aje na plagi yenye herufi R kwenye namba yake na ethi ya redio tuihamishie betri, kasema Jumamosi.